Koti la Zambarau la Ardis

Wifi yangu Ardis Tveit hatoki nje bila rangi ya mdomo, hata akienda kumwaga takataka. Nimemjua tangu kaka yangu Merle alipomleta nyumbani kula samaki wetu wa Krismasi waliolowekwa magadi, msichana mwembamba wa ng'ambo ya ziwa, na tangu siku ile sijamwona na nywele timtimu wala soksi zisizofanana. Alipikia watoto wa shule ya Norby miaka nenda miaka rudi, kitambaa kichwani na hereni masikioni. Meno yake yalikuwa ya kuvaa, juu na chini, kwa sababu ugonjwa wa ufizi ulimmalizia ya kwake angali kijana. Siri hiyo alikuwa nayo Merle peke yake. Mimi, wifi yake, niliijua siku moja na jimbo zima la Minnesota.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, na haya nayasimulia kwa hasira. Anayetaka ya kubembelezwa akatafute kwingine.

Nyumba yao iliungua alfajiri moja ya Januari, baridi ile ya kupasua mabomba. Walitoka wote wawili salama, wakasimama kwenye theluji, Ardis na gauni la kulalia na miguu mitupu. Wakasikia king'ora kinakuja. Sasa, zimamoto wa Norby ni watu wa kujitolea: fundi wa matrekta, mwalimu wa hesabu, mchungaji wetu. Watu tunaosali nao. Ardis akajiziba mdomo kwa kiganja akasema, "Merle, meno yangu." Merle akarudi ndani. Meno yalikuwa kwenye glasi bafuni, karibu kabisa na mlango. Hakuna aliyemlazimisha, alimpenda mke wake tu. Paa la jikoni likaanguka nyuma yake.

Wakati huohuo ndipo Lowell Skaar alipofika. Lowell ndiye gazeti letu: mhariri yeye, mwandishi yeye, mpiga picha yeye. Redio ya zimamoto ilikuwa juu ya friji yake mchana na usiku, na mara nyingi alifika kwenye moto kabla ya maji. Alimkuta Ardis amepiga magoti, mdomo wazi, ufizi mtupu, analia jina la kaka yangu. Lowell alikuwa amevaa koti la ngozi ya kondoo, refu, vifungo vyote vimefungwa mpaka kidevuni. Akarudi nyuma kidogo ili nyumba inayowaka iingie vizuri, akapiga picha. Aliyekuja kumfunika Ardis ni mwalimu wa hesabu, na blanketi la gari la zimamoto.

Merle alitolewa hai. Meno yalikuwa kwenye mfuko wa pajama yake. Akafa hospitalini wiki ileile, mapafu yameungua, na ikabidi tumweke kusubiri ardhi iliyoganda ilainike ndipo azikwe.

Jumatano gazeti likatoka. Picha ya Ardis ilijaza nusu ya ukurasa wa mbele. Chini yake Lowell aliandika kwamba Merle Tveit alirudi ndani kuokoa bunduki zake za kuwindia. Sijui nani alimwambia. Nadhani alijiuliza mwanamume wa huku anaweza kurudia nini motoni, akajijibu mwenyewe.

Norby mtu akitokea gazetini, watu humkatia picha hiyo wakamtumia. Mtoto kafunga bao, mzee kavua samaki mkubwa, boga la fulani limeshinda zawadi kabla halijaoza, basi picha hukatwa. Wakala wa bima hukata, muuza mbegu hukata, na benki ndiyo imezidi, maana ina mashine ya kutia plastiki. Binti wa benki, Janelle, kila Alhamisi hukata picha za wateja wote waliotokea, huzitia plastiki, huzituma kwa posta pamoja na kadi yenye maputo: Tumekuona gazetini! Hongera! Ni wema wao, na wazee wengine hapa wana friji ambazo huwezi kuona rangi zake kwa picha.

Alhamisi ile Janelle alikata kama alivyokata siku zote. Wa bima naye akakata. Muuza mbegu akakata. Tuliporudi kutoka kwenye ibada ya Merle, bahasha zilikuwa zimejaa kwenye sanduku langu la barua, kwa sababu Ardis alikuwa analala kwangu. Akazifungua akidhani ni rambirambi. Alijiona na ufizi wake, anang'aa ndani ya plastiki, tena na tena, na maputo, na hongera.

Hakulia. Alizipanga vizuri kama karata akazitia kwenye jiko la kuni. Plastiki inanuka vibaya ikiungua, nyumba yangu ilinuka mpaka Pasaka.

Sikatai kwamba picha ile iliwagusa watu. Yalikuja mablanketi kutoka miji ambayo hata barabara yake siijui. Wasomaji walimwandikia Lowell kwamba wamelia mezani wakinywa chai. Kisha chama cha magazeti cha jimbo kikaipa zawadi ya kwanza, na Lowell akaitia fremu nyeusi akaitundika ukutani ofisini kwake, juu kabisa ya kaunta. Ukienda kuandikisha tangazo la chakula cha kanisa, unaandika huku Ardis anakulilia kichwani. Na aliyekuwa anapeleka matangazo ya chakula cha kanisa ni Ardis mwenyewe.

Alivumilia mwaka mmoja. Halafu siku moja akaniambia, "Wifi, twende." Nikaenda.

"Lowell," akasema, "naomba uishushe ile picha."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto."

Lowell akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejiona mpole. "Ardis, mama, ile imeshinda jimbo zima. Watu wanaingia humu kuitazama tu. Umesahau mablanketi? Umesahau mabakuli ya chakula? Nani aliyekuletea vile vyote kama si picha ile?"

"Wangeleta hata bila mdomo wangu."

"Halafu tuseme ukweli," Lowell akaendelea, "ile si wewe tena. Ile ni picha."

Phyllis, mkewe, alikuwa amekaa meza ya nyuma, anapanga kurasa za matangazo. Bila kuinua kichwa akasema, "Nilikwambia tangu mwanzo usiitoe."

"Wewe shughulikia matangazo yako," Lowell akamjibu. "Habari niachie mimi."

Masikio ya Phyllis yakaiva. Sisi tukatoka. Nilitaka kurudi nimpige na mkoba, nasema kweli, Ardis ndiye aliyenishika mkono.

Mwezi uliofuata akanunua kamera. Kamera ndogo ya mkononi, iliyokwisha tumika. Akaitia kwenye mkoba pamoja na rangi ya mdomo, na kuanzia hapo hakwenda popote bila vyote viwili.

"Kamera ya nini, wifi?" nikamuuliza.

"Nasubiri."

Alisubiri kwa miaka. Filamu zake alizipeleka kusafishwa mji mwingine, maana Norby anayesafisha filamu huziangalia zote, tena huita na wenzake. Alimpiga Lowell akikoroma kwenye kikao cha bodi ya shule. Akampiga na haradali kidevuni kwenye maonyesho ya wilaya. Tulikuwa tunaziangalia mezani kwake, nyumba mpya ile ndogo aliyojenga palepale, na mimi nikicheka mpaka mbavu ziume. Yeye hakucheka.

"Hii hapana," alikuwa akisema, anaichana. "Huyu bado ana heshima yake."

Machi inapokaribia kwisha, polisi wa wilaya hutangaza vibanda vyote vya kuvulia samaki juu ya barafu viondolewe ziwani kabla barafu haijaoza. Kila mwaka kuna mjinga anayechelewa, gari lake linazama, na Lowell anampiga picha akiwa amesimama pembeni kama kuku aliyenyeshewa. Ukurasa wa mbele, na maneno ya kejeli chini. Wasomaji waliipenda picha hiyo kuliko habari zote za kodi na barabara. Mwaka huo waliochelewa tulikuwa sisi. Kibanda kilikuwa cha Merle, cha kijani, na Ardis hakukubali mtu mwingine akiguse, kwa hiyo tulikuwa tunakivuta kwa kamba, sisi wawili, kwa miguu, jua limetoka na maji yanatuingia viatuni.

Pikapu ya Lowell ikasimama ufukweni. Akateremsha kioo.

"Nyie wanawake! Mnataka niwatoe ukurasa wa mbele?"

"Njoo kwa miguu, Lowell!" nikampigia kelele. "Barafu imeoza!"

"Nimeendesha kwenye ziwa hili kabla wewe hujaolewa, LaVonne!"

Akaendesha. Alitaka atupige karibu, nyuso zionekane. Barafu ilitoa sauti kama mbao inapasuliwa, pua ya pikapu ikainama, kisha ikaenda. Lowell alitoka dirishani. Kamera yake ilibaki ndani, nayo iko huko chini mpaka leo. Suruali yake ya baridi, ile nzito ya kuvalia juu ya nyingine, ilikuwa inamvuta, akaivua majini kwa mateke na nyingine ikaondoka nayo. Tukalala kifudifudi, tukamsukumia mlango tulioung'oa kwenye kibanda, tukamtupia kamba. Ardis ndiye aliyetangulia mbele, mimi nimemshika vifundo vya miguu. Sikumwona akisita hata kidogo, na mtu asiseme alisita.

Tulipomtoa alisimama kwenye barafu, miguu mitupu, myekundu, chupi imemganda. Na Lowell Skaar, anayekaribia sitini, alikuwa analia anaita, "Mama! Mama!" Mama yake yuko makaburini tangu tuko shule.

Ardis akavua koti lake. Norby nzima inalijua koti lile: la zambarau, kofia yake ina manyoya meupe, alilinunua majira ya baridi ya kwanza baada ya Merle, alipochoka kuvaa nyeusi. Akamvika Lowell, akamfunga zipu mpaka kidevuni, akamvutia kofia kichwani vizuri. Yeye akabaki na sweta. Halafu akafungua mkoba.

"Ardis," Lowell akasema, meno yakigongana. "Ardis, tafadhali."

"Ulirudi nyuma, Lowell," wifi yangu akasema. Naye alikuwa anarudi nyuma. "Nilikuona unarudi nyuma. Uache mdomo wazi hivyohivyo."

Akapiga mara moja tu. Halafu akarudisha kamera kwenye mkoba, tukambeba Lowell mpaka kwenye gari langu, nikawasha kipasha joto mpaka mwisho.

Lowell alitimiza sitini mwezi uliofuata. Na hapa kwetu mtu akifikisha umri unaoishia na sifuri, rafiki zake humtolea tangazo: picha yake mbaya kuliko zote, kwa kawaida ya utotoni, uchi ndani ya beseni au na meno ya mbele yametoka, na juu yake, Bahatisha nani anatimiza miaka kadha! Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye atakayechekwa zaidi.

Tulikwenda Jumatatu, siku ambayo Lowell huwa kwenye kikao cha wilaya. Ardis akaiweka picha juu ya kaunta, chini kabisa ya ile fremu.

"Nataka lile tangazo la bahatisha nani."

Phyllis akavaa miwani. Akaiangalia muda mrefu. Akainua macho akaitazama fremu ukutani, kisha akairudia ile ya kauntani.

"Yeye anajua kama ipo?"

"Alikuwepo," Ardis akasema.

Phyllis akakohoa, na mpaka leo sijui kama kilikuwa kikohozi au kicheko. "Ukubwa gani?"

"Ile yangu ilikuwa nusu ukurasa."

"Basi nusu ukurasa."

Mimi ndiye niliyeingiwa na woga. "Phyllis, shoga, si ataiona kabla ya kwenda kuchapwa? Hatakufokea?"

"Kurasa za matangazo hazitazami. Anasema hazina habari." Akavuta rula. "Na matangazo ni yangu. Aliniambia mwenyewe, mbele yenu. Niandike nini chini?"

Ardis alikuwa ameshafikiria. "Andika: Koti ni la Ardis Tveit."

Jumatano mjini palikuwa patamu. Mkahawani watu walikuwa wanapigana vikumbo kuigombania nakala moja. "Jamani, ile miguu!" "Kama ya kuku wa kuchemsha!" "Alimwita nani, mama yake?" Hilo la mama nilikuwa nimelisimulia mimi. Mimi nilikaa pembeni na kipande changu cha keki ya rubabu, yale mabua machachu, nakula polepole, nafurahi. Halafu mwalimu wa hesabu, mzee sasa, mtu asiyependa maneno mengi, akaweka kikombe chini.

"Ardis alimpa koti," akasema.

"Ndiyo, si imeandikwa?" mtu akamjibu.

"Alfajiri ile ya moto mimi nilikuwepo. Lowell alikuwa na koti pia." Akakinyanyua kikombe chake. "La kondoo. Lilikuwa limefungwa vifungo vyote."

Nikawaona wanavyofikiria, mmoja mmoja, wale walioikata picha ya Ardis wakaibandika kwenye friji zao, wale waliolia mezani. Miaka yote ile waliitazama, na hakuna aliyewahi kujiuliza aliyeshika kamera alikuwa amevaa nini.

Alhamisi Janelle wa benki akakata. Wa bima akakata, muuza mbegu akakata, na safari hii wakakata hata watu ambao hawajawahi kukata. Phyllis ananiambia mfanyakazi wa posta aliingia na kreti. Tumekuona gazetini! Hongera! Wengine waliongeza kwa kalamu: Koti zuri. Jioni simu ya Ardis ikalia, nami nilikuwa nimekaa naye, nikasikia sauti ya Lowell inavyopanda.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima!"

"Ile si wewe, Lowell," wifi yangu akamjibu. "Ile ni picha."

Akakata simu akaendelea kufuma.

Jumamosi Lowell akaja mwenyewe. Mvua ya Aprili ilikuwa inanyesha, ya baridi. Alikuwa amevaa lile koti la ngozi ya kondoo, na kwapani amebeba fremu nyeusi. Nilikuwa jikoni kwa Ardis namenya viazi, na sikuinuka. Akailaza fremu mezani, kifudifudi, akaweka na bahasha juu yake.

"Nimeishusha. Na filamu yake hiyo hapo."

"Naona," Ardis akasema.

Kwetu hata anayekuja kukunyang'anya shamba humiminiwa kahawa. Birika lilikuwa limejaa, linatoa mvuke. Ardis hakummiminia.

"Basi tumelipana," Lowell akasema. "Si ndiyo?"

"Hatujalipana. Mimi nilikufunika kwanza."

Lowell akashika kitasa cha mlango.

"Uliandika Merle alirudi kuchukua bunduki," Ardis akasema.

"Ndivyo nilivyo... watu walisema..."

"Bunduki zilikuwa kwa dada yake huyu hapa. Alirudi kuchukua haya."

Akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayaweka juu ya ile fremu. Ni yaleyale. Hajawahi kuyabadilisha, ingawa yanamlegea. Uso wake ukashuka wote, mashavu yakaingia ndani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona wifi yangu hivyo nikiwa mbele yake, si kwenye karatasi. Akazungumza bila meno, maneno yakitoka na mate, akimtazama Lowell machoni.

"Nilimtajia meno yangu, sikutaka mchungaji anione hivi. Ndiyo maana akarudi. Merle amekufa ili watu wachache wa zimamoto wasinione mdomo wangu, na wewe ukawaonyesha wote, kila mtu, ukatundika na ukutani. Haya, ndio huu. Piga basi. Huna kamera leo?"

Lowell hakuweza kumtazama. Alihangaika na vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua akalitundika kwenye kiti. Akafungua mdomo, nadhani alitaka kuomba radhi, na kama angeiomba ningemrushia kiazi. Hakuiomba. Akatoka kwenye mvua na shati.

Nilidhani Ardis atalia sasa. Alisuuza meno yake kwenye bomba, akayavaa. Akachukua rangi ya mdomo kwenye mkoba, akajipaka akijiangalia kwenye ubavu wa birika. Ile picha akaitoa kwenye fremu akaitia kwenye moto wa jiko pamoja na filamu. Kisha akalitazama lile koti pale kitini, zuri, zito, joto, akalishusha akalitandika sakafuni karibu na jiko.

"Bamse," akamwita mbwa wake. "Njoo hapa, mwanangu. Lala."

Gazeti letu lina kijiboksi cha mnyama wa wiki, msomaji yeyote hutuma picha. Mwezi wa tano Ardis akatuma ya kwake: Bamse, amejikunja, anakoroma, anadondosha mate juu ya ngozi ya kondoo. Chini aliandika, Bamse Tveit na koti lake jipya. Lowell ndiye anayechagua picha za kijiboksi kile, si Phyllis. Akaitoa hiyo, na hakubadilisha neno.

Alhamisi Janelle akaikata, akaitia plastiki, akaituma na kadi yenye maputo. Tumekuona gazetini! Hongera! Ardis akaibandika kwenye friji, usawa wa macho. Ndiyo picha pekee ya gazeti iliyopo pale, na mimi kila nikienda kunywa kahawa huitazama kwanza, halafu ndipo nakaa.